Cymru: jina la wananchi

Hotuba kwa familia za Waswahili waishio Cardiff, Siku ya Kiswahili Duniani

Ndugu wananchi,

Naona mnatabasamu. Salamu hiyo tumezoea kuisikia kwa marais na wakuu wa mikoa, redioni, usiku wa kuamkia sikukuu ya Uhuru. Nimeichagua makusudi. Neno ninalotaka kulizungumza leo, ukilivua nguo zake zote za karne kumi na tano, chini yake utalikuta neno letu hili: mwananchi. Neno lenyewe ni Cymru, jina ambalo wenyeji huiita nchi hii ya Wales.

Mnaliona kila siku. Limeandikwa kwenye treni, kwenye magari ya polisi, kwenye barua za hospitali, juu ya kila karatasi ya serikali ya hapa. Watoto wetu wanalitamka sawasawa kwa sababu Kiwelisi ni somo la lazima shuleni mpaka miaka 16. Sisi wazazi ndio bado tunasema "Simru". Basi tuanze na kulitamka. Herufi C katika Kiwelisi ni K, siku zote. Y ya mwanzo ni ile sauti fupi ya katikati ya kinywa ambayo Kiswahili hakina. Ukitamka a fupi utakuwa karibu. R ipigwe vizuri kama yetu. Na U ya mwisho husomwa i. Kamri. Semeni na mimi: Kamri. Hapo hata bibi wa kijijini kule Gwynedd atawaelewa.

Hiyo C nayo ina kisa chake. Zamani waliandika kwa K: Kymry. Mwaka 1567 William Salesbury alipotoa Agano Jipya kwa Kiwelisi, kitabu kilipigwa chapa London, na wapiga chapa hawakuwa na herufi za K za kutosha, maana Kiwelisi kina K nyingi kuliko Kiingereza. Salesbury mwenyewe alieleza kwamba ndiyo sababu ya kutumia C. Uhaba wa herufi za K za kuchapia kwenye karakana moja ya London ukabadilisha sura ya jina la taifa, na mpaka leo halijarudi.

Sasa nije kwenye jina lile jingine, tunalolitumia sisi na dunia nzima: Wales. Nalianza hili kwa sababu bila kulijua hamtaona uzito wa Cymru.

Wales si neno la Kiwelisi. Ni la Waingereza. Wahenga wao, makabila ya Kijerumani yaliyovuka bahari, walikuwa na neno walhaz. Inaelekea lilitokana na jina la kabila moja la Wakelti walilopakana nalo huko bara, Volcae, kisha likapanuka: kwanza kila Mkelti, halafu kila aliyekuwa chini ya Roma na kusema lugha za huko. Popote Mjerumani alipopakana na watu wa namna hiyo, neno aliliacha hapo. Wavalloni wa Ubelgiji wanabeba jina hilo. Wallachia, nchi ya kusini mwa Rumania, ni hilo hilo. Wapoland mpaka leo wakitaja Italia husema Włochy, nalo ni hilo hilo lililopita kwa Waslavi. Nusu ya pili ya jina Cornwall, rasi ya kusini magharibi mwa kisiwa hiki, ni hilo. Hata ile njugu ya Krismasi yenye ganda gumu, inayofanana na ubongo, kwa Kiingereza imebeba neno hili mbele yake: walnut, maana yake njugu ya kigeni.

Kwa Kiingereza cha kale walisema wealh, na wingi wake wealas, ambao ndio Wales ya leo. Mgeni. Na baada ya vizazi vichache neno hilo hilo lilitumika pia kwa maana ya mtumwa. Tunazo sheria za mfalme Ine wa Wessex, za mwishoni mwa karne ya 7. Humo imetajwa dia, yaani fidia ya damu ya mtu akiuawa. Mwingereza huru wa kawaida, shilingi 200. Wealh mwenye shamba kamili, 120. Wealh asiye na ardhi, 60. Watu hao walikuwepo kisiwani kabla ya Ine, kabla ya babu yake Ine, kabla ya Warumi waliokaa pale karne nne. Wenyeji waliandikwa wageni katika sheria, na bei yao ikateremshwa.

Nawaomba mlitafakari hilo, ninyi ambao mababu zenu waliandikiwa vipande na kuambiwa ni "native" katika nchi yao wenyewe, na neno hilo likageuzwa kuwa tusi.

Watu wenyewe, je, walijiitaje? Zamani za Warumi na baada yake walijiita Brython, Wabritoni, watu wa kisiwa cha Prydain. Ni jina kubwa, la kisiwa kizima, na hawakuliacha mara moja. Lakini pembeni yake likaota jina jingine. Katika lugha yao ya wakati huo lilikuwa kombrogi, na mmoja wao kombrogos. Kom ni pamoja. Brog ni nchi, sehemu ya ardhi yenye mpaka wake. Mzizi wake ni ndugu wa neno la Kilatini margo, ukingo, mpaka. Kombrogi, basi, ni walio ndani ya mpaka mmoja. Wananchi wenzetu.

Nusu ile ya pili bado inatembea hapa mitaani. Brog ikawa bro, na bro katika Kiwelisi cha leo ni eneo la kwenu, mahali unapotoka. Mkitoka Cardiff kuelekea magharibi kandokando ya bahari mnaingia Bro Morgannwg. Mlio na jamaa Barry mnapita kibao chake kila mnapokwenda kuwasalimia. Na kinyume chake kilikuwepo tangu enzi za Warumi: kule milimani karibu na Geneva palikuwa na kabila lililoitwa Allobroges, wenye bro nyingine, watu wa kwingine. Allo na kom, wa kwingine na wa kwetu.

Kombrogi ilipita midomoni mwa watu na kusagwa. Silabi ya mwisho ikadondoka, lakini kabla ya kudondoka ile i iliivuta o iliyo mbele yake ikawa y. B ikamezwa na m. Ikabaki Cymry, watu. Katika umoja hapakuwa na i ya kuivuta, ndiyo maana o imesalimika: Cymro, mtu mmoja. Mwanamke ni Cymraes. Lugha ni Cymraeg. Nchi ni Cymru. Na tazama: Cymry, watu, na Cymru, nchi, hutamkwa sawa kabisa. Kwa karne nyingi hata maandishini hayakutenganishwa. Tofauti ya herufi ya mwisho ni kazi ya waandishi wa baadaye, ilianza kuzoeleka katika karne ya 16. Mzee wa zamani akisema Kamri, hukujua kama anataja watu au ardhi, wala yeye hakuona haja ya kukueleza. Sisi tunazo m-, wa-, ki-, u- za kupambanua Mswahili, Waswahili, Kiswahili na Uswahilini. Wao kwa nchi na watu walitosheka na neno moja.

Jina hili lilizaliwa lini, na kwa nini? Hapa ndipo panaponivutia kuliko pote, kwa hiyo nivumilieni.

Angalieni nani analo na nani hana. Watu wa Cornwall ni ndugu wa damu wa Wawelisi kwa lugha. Wabretoni wa Ufaransa pia, maana walihama kutoka kisiwa hiki. Wote wawili hawajiiti kwa jina hili. Wenye nalo ni Wales, na wenzao wa kaskazini, kule ambako leo ni kusini mwa Scotland na kaskazini magharibi mwa Uingereza. Kule kaskazini lugha yao ilikufa, karibu na karne ya 12, lakini jina limesalia ardhini: Cumbria. Cumberland ni "nchi ya Cymry", na tarihi ya Waingereza inaitaja chini ya mwaka 945. Basi jina hili lilishika baada ya Wabretoni kuondoka na baada ya watu wa kusini magharibi kukatwa, na wakati ambapo Wales na kaskazini walikuwa bado wanasikilizana. Mwaka 577 Wasaksoni walishinda pale Dyrham, karibu na Bath, wakafika kwenye mlango wa mto Severn. Cornwall ikabaki peke yake upande wa pili wa maji. Karibu na mwaka 616 walishinda tena Chester. Shairi la kumsifu mfalme Cadwallon wa Gwynedd, ambalo wataalamu wengi huliweka karibu na mwaka 633, tayari linawataja Kymry.

Ni jina la watu waliokuwa wakipoteza. Kila kizazi mpaka ulisogea magharibi. Hawakuwa na mfalme mmoja; Gwynedd, Powys, Dyfed na wengine walipigana wenyewe kwa wenyewe kama walivyopigana na Waingereza. Hawakuwa na mji mkuu wala jeshi la pamoja. Katika hali hiyo wangeweza kujiita kwa jina la nabii, la shujaa, la babu mmoja. Mataifa mengi yalifanya hivyo. Na kweli mwandishi mmoja, Geoffrey wa Monmouth, karibu na mwaka 1136 aliwatungia babu: eti alikuwepo mwana wa mfalme aitwaye Camber, na nchi ikaitwa kwa jina lake. Hadithi tupu. Jina halina babu ndani yake. Halina damu, halina mfalme, halina hata lugha. Lina ardhi, na lina "pamoja".

Miaka mia tatu baada ya Cadwallon, shairi jingine, Armes Prydein, linaliita jina hilo tena na tena kama mtu anayegonga milango ya majirani usiku. Linataka Cymry waungane, waungane pia na Waayalandi, watu wa Dublin, Cornwall, Wabretoni, wale wa kaskazini, wamfukuze Mwingereza hadi baharini. Utabiri haukutimia. Mwaka 1282 Llywelyn, mtawala wa Wales, aliuawa vitani, kisha Edward I, mfalme wa Uingereza, akaimaliza vita. Lakini jina halikuwa na kiti cha enzi cha kuangushwa, kwa hiyo halikuangushwa.

Nipite haraka kwenye jambo moja la ajabu, kwa ajili ya vijana wetu wanaosoma sayansi. Kwa Kilatini Cymru iliandikwa Cambria. Mwaka 1835 mtaalamu wa miamba Adam Sedgwick, aliyekuwa akichunguza milima ya kaskazini mwa Wales, alilichukua jina hilo akalipa tabaka la miamba ya kale, na enzi yake ikaitwa Kambria. Tunajua sasa kwamba ilianza miaka kama milioni 539 iliyopita. Miamba iliyotangulia enzi hiyo, dunia nzima, huitwa ya kabla ya Kambria. Geita, kule Kanda ya Ziwa, wachimbaji wanashuka kutafuta dhahabu katika miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mwanafunzi wa jiolojia pale Dar es Salaam akiandika aina ya mwamba huo kwenye daftari lake anaandika, bila kujua, kombrogi.

Turudi kwenye bango la mpakani. Linasema Croeso i Gymru, karibu Cymru. Mbona ni G? Kwa sababu maneno ya Kiwelisi hubadilika kichwani kufuatana na neno lililotangulia. Baada ya i, yaani "kwenda", C hulainika ikawa G: i Gymru. Ukisema "ndani ya Cymru" inakuwa yng Nghymru. Ukisema "na Cymru", a Chymru, kwa kh ya Kiarabu. Neno moja, nyuso nne. Mgeni akitafuta Nghymru kwenye kamusi chini ya N atachoka bure, kama Mzungu anayetafuta "anapenda" chini ya A. Waingereza husema lugha hii haisomeki. Sisi tusiseme hivyo. Mtu aliyekua na ulimi na ndimi, ubavu na mbavu, ana nini cha kuogopa hapo?

Binti yangu alinisahihisha jikoni. Nilikuwa nasoma barua ya shule kwa sauti, nikafika kwenye Gymraeg, nikasema hili kosa la uchapishaji. Akasema, "Baba, siyo kosa. Iko hivyo baada ya y. Ni neno la kike." Akaendelea kula chapati. Anajua ngeli za Kiswahili kwa sababu ya bibi yake, na mabadiliko haya kwa sababu ya mwalimu wake, na hajawahi kuambiwa kwamba achague.

Walioishi hapa kabla yake waliambiwa. Sheria ya 1536 ilifanya Kiingereza kuwa lugha ya mahakama na kumnyima cheo asiyekijua. Mwaka 1847 makamishna watatu waliotumwa kutoka London, wasiojua Kiwelisi, waliandika ripoti kwamba lugha hii ni kikwazo cha maendeleo na cha maadili. Watu waliiita ripoti hiyo usaliti wa vitabu vya buluu. Na katika shule nyingi za karne ya 19, mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi alivishwa kibao shingoni kilichoandikwa herufi W na N, yaani Welsh Not, "Kiwelisi hapana". Alikuwa nacho mpaka amsikie mwenzake akikosea, akamvisha yeye. Aliyekutwa nacho jioni aliadhibiwa. Ninyi mliosoma Kenya mnatazamana, maana kibao hicho mnakijua. Kwenu waliotegewa ni waliosema lugha ya mama, na hata Kiswahili.

Mwaka 1911 wasemaji wa Kiwelisi walikuwa wapatao 977,000, zaidi kidogo ya watu 4 katika kila 10. Sensa ya 2021 ilihesabu 538,300, asilimia 17.8. Serikali ya hapa imejiwekea lengo la wasemaji milioni moja ifikapo 2050. Humo limo na jambo nyeti ambalo mkiishi hapa mtalikuta: kuna waliokuwa wakiamini kwamba Cymro wa kweli ni yule tu anayesema Cymraeg. Mwenye lugha wanamwita Cymro Cymraeg. Asiyekuwa nayo, di-Gymraeg, na neno hilo la pili limewaumiza wengi ambao bibi zao walivishwa kile kibao. Mimi ni mgeni katika ugomvi huo, lakini maoni yangu nitayasema. Lugha ni hazina ya nchi hii na ningependa kila mtoto wetu aibebe. Jina, hata hivyo, halidai lugha. Ukilirudisha mpaka mzizini, linauliza tu kama mko ndani ya mpaka mmoja, pamoja.

Ndiyo maana nawaomba jambo moja, na naliomba kwa dhati. Tuache kusema tunaishi "Uingereza" tukimaanisha hapa. Najua kwa Kiswahili Uingereza imebeba yote, ya malkia, ya mfalme, ya pasipoti. Lakini ukimwita Cymro Mwingereza umemrudisha kwa Ine na shilingi zake. Wenyewe wanazidi kulirudisha jina lao mbele. Chama cha soka cha nchi hii sasa kinaiita timu ya taifa Cymru. Mwishoni mwa 2022 hifadhi ya milima ya kaskazini ilichagua kutumia jina Eryri, na Aprili 2023 ile iliyo juu yetu hapa, mnapopeleka watoto kutembea Jumapili, ikawa Bannau Brycheiniog. Sisi jina letu tulipewa na Waarabu: sawahil, mwambao. Mzee wa Lamu alijiita Mwamu, wa Mombasa Mmvita. Tulilipokea jina la jirani tukalifanya letu, na halikutudhuru. Hawa lao la jirani liliwadhuru, na lao wenyewe walikuwa nalo.

Mkitoka hapa mkapita kituo kikuu cha treni, simameni kidogo pale uwanjani mbele yake. Ipo sanamu ya Betty Campbell, iliyozinduliwa Septemba 2021. Alizaliwa Butetown, mitaa ya bandarini walikofikia mabaharia wa Kisomali, wa Yemen, wa Cape Verde, wa Karibiani. Utotoni mwalimu alimwambia kwamba mtoto mweusi wa tabaka lake asijisumbue kuota ualimu. Akawa mwalimu mkuu wa kwanza mweusi katika Cymru nzima, katika shule ya Mount Stuart, hapo hapo Butetown, akafundisha watoto historia ya utumwa na ya mitaa yao wakati ambapo wengine hawakuthubutu. Hakuna anayesimama mbele ya sanamu hiyo akauliza kama yeye alikuwa Cymraes.

Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lipo. Masomo ya Kiwelisi kwa watu wazima huanza Septemba, mengi ni ya jioni, na mengine hufanyika mtandaoni kwa walio na zamu za usiku. Nimeweka karatasi pale mlangoni karibu na birika la chai. Anayetaka kwenda ajiandikishe jina na siku inayomfaa, twende kikundi kimoja, akina mama wenye watoto wadogo wawekwe siku moja ili wapokezane kuwaangalia. Ambaye ana swali kuhusu niliyosema, mwenyekiti ana kipaza sauti.